Dau la Siri: Bei Inavyopatikana Katika Mnada wa Intaneti
Katika mnada wa eBay, soko la intaneti lililoanzishwa na Pierre Omidyar nchini Marekani mwaka 1995, mnunuzi hutaja kiwango cha juu kabisa anachokubali kulipa, ambacho washindani wake hawakioni, kisha mtambo humpandishia dau kidogo kidogo kila anapopitwa. Iwapo mmoja ameweka dola 100 na mwingine dola 60, wa kwanza hushinda kwa dola 61 tu, kwa kuwa bei huamuliwa na dau la aliyeshindwa, utaratibu unaokaribiana sana na ule ambao mwanauchumi William Vickrey aliuchambua mwaka 1961. Kwa hiyo mnunuzi hana haja ya kuficha thamani halisi anayoipa bidhaa, na wanaoongeza dau kwa hasira ya kupitwa ndio hasa wanaoumia. Muuzaji naye anaweza kuweka bei ya chini ya siri, yaani kiwango ambacho kisipofikiwa halazimiki kuuza. Pale anaporuhusu mapatano, ombi tupu la kupunguziwa halina uzito. Hoja yenye nguvu ni bei ambazo bidhaa kama hiyo imeuzwa hivi karibuni, ambazo soko lenyewe huwaonyesha watumiaji wake.