Kabla ya mwalimu kununua pikipiki

Hakupiti muhula, mpenzi msomaji, pasipo mwalimu mwenzangu kunivuta kando katika chumba cha walimu na kuniuliza swali lile lile: "Mwalimu, ninunue pikipiki gani?" Mimi ndiye huulizwa kwa kuwa nimekwenda kazini kwa pikipiki miaka 11 sasa, kilomita 14 kwenda na 14 kurudi, katika milima ya Vihiga ambako mvua ya alasiri haingoji msimu. Muulizaji huwa amekwisha kuchagua rangi. Bei anaijua, na aghalabu mkopo wa chama cha ushirika umekwisha kuombwa. Kilichosalia ni mimi kuitikia tu.

Walio wa rika langu watakumbuka kwamba katika miaka ya 1980 pikipiki vijijini ilikuwa chombo cha afisa wa kilimo, daktari wa mifugo na padri. Ilikuwa Yamaha, Suzuki au Honda, na nyingine zilitumia petroli iliyochanganywa na oili, hata moshi wake ukabaki barabarani baada ya mwenyewe kupotelea konani. Mwalimu alikwenda kwa baiskeli au kwa miguu. Hali ilibadilika hasa mwaka wa 2008, serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, zile ambazo injini zake hazifikii sisi 250. Zikafurika kutoka India na China. Boda boda, iliyoanzia mpakani Busia kwa baiskeli, ikapata injini. Mwalimu naye akatoa kalamu akaanza kupiga hesabu.

Hesabu yenyewe ndiyo hii. Pikipiki ya sisi 100 au 125 iliyotunzwa vyema huenda yapata kilomita 50 kwa lita moja ya petroli. Kwa safari yangu ya kilomita 28 kwa siku, siku 20 za kazi hunipa kilomita 560, yaani lita 11 na kitu kwa mwezi. Ukilinganisha na nauli ya matatu asubuhi na jioni, utacheka. Lakini ngoja kwanza. Oili ya injini yafaa ibadilishwe kila baada ya kilomita 2,000 hivi, na kwa mwendo wangu hiyo ni kama mara tatu kwa mwaka. Cheni na meno yake huisha pamoja na hubadilishwa pamoja, kwani cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka huharibika upesi. Kuna tairi, plagi, nyaya za klachi, na bima ambayo sheria haikuachii hiari. Mwenye kulinganisha nauli na petroli peke yake ametazama nusu ya daftari.

Kuhusu aina, jibu langu huwaudhi wengi kwa kukosa fahari. Nenda kwenye kituo cha boda boda kilicho karibu na nyumbani kwako, uhesabu. Ukikuta pikipiki kumi, na saba kati yake ni za aina moja, hiyo ndiyo yako. Haidhuru kama ni Boxer au TVS. Maana yake ni kwamba vipuri vyake vinauzwa katika duka la soko lako, na fundi aliye chini ya mwembe anaweza kuifungua gizani. Mwenzangu mmoja alinunua pikipiki nzuri mno, ya kigeni, iliyotumika kidogo. Kipande kimoja cha kabureta kikamweka kwenye matatu miezi miwili akingoja kiagizwe Nairobi.

Baadaye kuna suala la nguvu na kimo, ambalo wanaume hulionea haya. Sisi 150 hupanda mlima vyema ukiwa umebeba mtu na gunia. Lakini mwalimu anayekwenda peke yake na mkoba wa vitabu hahitaji uzito huo. Ukikaa juu ya kiti, nyayo zote mbili ziguse ardhi. Si ncha za vidole. Mwalimu mwenzetu wa kike alishawishiwa na muuzaji kuchukua kubwa "kwa sababu ya heshima", na kila aliposimama penye mteremko ikamlalia. Aliiuza, akachukua ya sisi 100, na mpaka leo hatujamsikia akianguka.

Na hizi za umeme? Vijana wa kidato cha nne huniuliza. Nairobi zipo, na waendeshaji hubadilishiwa betri iliyokwisha wakapewa iliyojaa. Injini yake ni nyepesi kuitunza, haina oili wala plagi. Kanuni yangu ya kituo cha boda boda haibadiliki: ukiziona nyingi karibu na kwako, pamoja na mahali pa betri, nunua.

Ukiamua kununua iliyotumika, kumbuka kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ya kwanza niliyonunua ilitembezwa mpaka mlangoni kwangu. Nililipa pesa zote siku hiyo hiyo, nikaahidiwa kwamba logibuku itahamishwa "juma lijalo". Muuzaji akahama kabla ya logibuku. Kwa miezi saba niliendesha chombo ambacho kisheria kilikuwa cha mtu mwingine, nikijificha kila nilipoona kizuizi cha polisi, mimi ambaye asubuhi nilikuwa nimewafunza watoto uraia! Siku hizi umiliki huhamishwa kwa mtandao. Basi keti na muuzaji, mfanye shughuli hiyo mkiwa pamoja, kisha ndipo umalize kumlipa. Linganisha namba ya injini na ile ya fremu na zilizoandikwa. Kilomita zilizo kwenye saa usiziamini, kwani waya wake huchomolewa kwa dakika moja. Tazama badala yake vile vibao vya kukanyagia na mpira wa gia. Vikiwa vimelika, umeuziwa mzee aliyepakwa rangi.

Mke wangu hakuyataka haya yote tangu awali. Alisema neno moja tu: "Gari lina bodi. Pikipiki, bodi yake ni wewe." Nilicheka, nikanunua helmeti moja.

Nasema moja kwa sababu hapo ndipo kosa langu lilipo. Ilikuwa alasiri ya mwezi wa Aprili. Mwanafunzi wa kidato cha pili alikuwa na homa, kwao ni njiani mwangu, na mwalimu mkuu akaniomba nimfikishe. Mvua ilikuwa imekatika punde tu. Nilivaa helmeti yangu kama ilivyokuwa desturi, nikampakia nyuma kichwa wazi. Sikuenda mbio. Penye mteremko unaoshukia kijito mbuzi akakatiza, na mkono wangu wa kulia ukaibana breki ya mbele kabla sijafikiri. Kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa, kwa kuwa uzito wote hukimbilia mbele. Kwenye udongo mwekundu uliolowa, gurudumu la mbele likishikwa ghafla halisimami. Huteleza. Ingenipasa kuachilia petroli mapema, nishuke gia, nishike breki zote mbili polepole. Hayo niliyajua vizuri, tena niliwahi kuwaeleza wengine.

Tulianguka upande wa kushoto. Helmeti yangu iligonga jiwe, nikasikia mlio wake, nikainuka. Mtoto hakuinuka. Kichwa chake kilikuwa kimegonga ukingo wa kalvati.

Alilazwa siku tisa. Alipona, namshukuru Mungu, ingawa alirudi shuleni akiwa na kovu juu ya sikio na kwa muda mrefu alikuwa akishika kichwa somo la hesabu linapoanza, nami sikujua kama ni maumivu au ni hesabu. Mama yake nilimkuta wodini. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, kofia ilikuwa moja?"

Sheria inasema abiria ni mmoja tu, na wote wawili wavae helmeti. Uchambuzi wa tafiti nyingi za mataifa mbalimbali, uliochapishwa mwaka wa 2008, ulikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa ajalini kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Takwimu hizo nilizisoma baadaye. Swali la yule mama lilikuwa limenitosha.

Kwa hiyo mwenzangu ajapo kuniuliza pikipiki gani, mimi nami humuuliza atambeba nani. Kama ni mtoto wake wa kumpeleka shule, au jirani siku ya soko, basi bei ya pikipiki anayoitaja haijakamilika mpaka helmeti mbili ziwemo, zenye kamba zinazofungika kidevuni na zinazokaza kichwa bila kucheza. Asipokuwa na pesa za mbili, na aahirishe mwezi mmoja. Matatu hazitakwisha.

Ile helmeti yangu niliendelea kuivaa mwaka mzima baada ya kuanguka, kwani kwa nje ilikuwa na mkwaruzo tu. Ni fundi aliyeniambia, huku akiigeuza mikononi, "Mwalimu, hii ilikwisha kufa siku ile." Alinionyesha povu la ndani lilivyobonyea mahali pamoja. Povu hilo huumbwa libonyee mara moja, badala ya fuvu, na likishabonyea halirudi. Nilinunua mpya jioni hiyo, na ya pili yake huning'inia kwenye msumari katika chumba cha walimu, yeyote anayesafirishwa aichukue. Ile ya zamani mke wangu aliikata kamba akaiweka nyuma ya jikoni. Kuku wake mwekundu huiatamia humo mayai.