Bekoni kidogo, meza nzima inashiba: vyakula vitano rahisi vya kupika pamoja na watoto

Katika maduka makubwa ya Kinshasa na Lubumbashi, bekoni hukaa kwenye friji pamoja na jibini na soseji, katika pakiti ndogo zenye bei inayomfanya mzazi afikiri mara mbili. Ukiila kama inavyoonyeshwa kwenye sinema za Marekani, vipande vitatu au vinne kwa kila mtu na mayai pembeni, pakiti inaisha asubuhi moja tu.

Huko Ulaya, ambako chakula hiki kina mizizi mirefu, familia za kawaida hazikukila hivyo. Kwao bekoni ilikuwa kiungo cha kuamsha chakula kingine, kama vile mama zetu wanavyotia samaki mkavu kidogo ndani ya sombe na nyumba nzima ikasikia harufu. Viazi, mboga, unga na mayai ndivyo vilivyojaza tumbo. Nyama ilileta ladha.

Mapishi matano yafuatayo yanafuata njia hiyo. Yote ni mepesi, na ndani ya kila moja kuna kazi ambayo mtoto anaweza kuifanya kwa mikono yake.

Bekoni ni nini hasa?

Ni nyama ya nguruwe, ya tumbo au ya mgongo, iliyokaa kwenye chumvi kwa siku kadhaa na mara nyingi ikapitishwa kwenye moshi. Wamarekani hupenda ile ya tumbo, yenye mistari ya mafuta. Waingereza hupenda ya mgongo, yenye nyama nyingi zaidi. Kwenye pakiti zinazotoka Ubelgiji na Ufaransa utasoma neno lard, na kama imekatwa vipande vidogo vya mraba utasoma lardons.

Kabla ya friji kuja, chumvi na moshi vilikuwa njia ya kuhifadhi nguruwe mmoja ili familia ipite naye majira ya baridi. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye nyama, na vijidudu vinavyoiozesha hukosa mahali pa kukua. Kazi hiyo ilifanyika zaidi wakati wa baridi, kwa sababu wakati wa joto nyama iliharibika kabla chumvi haijaingia. Katika karne ya 19, familia ya Harris ya mji wa Calne, Uingereza, ilianza kutumia vyumba vya barafu, na hapo ndipo bekoni ikaweza kutengenezwa mwaka mzima.

Vita vilivyofundisha kubana

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, serikali ya Uingereza iliweka mgao wa chakula. Tarehe 8 Januari 1940, bekoni ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kugawiwa kwa kadi, pamoja na siagi na sukari. Kipimo kilipanda na kushuka, lakini kwa muda mrefu kila mtu alipata karibu gramu 113 kwa juma zima. Mgao wa nyama na bekoni ulidumu hadi Julai 1954, miaka tisa baada ya vita kwisha.

Mama mwenye watoto wanne hakuweza kumpa kila mmoja sahani ya bekoni. Aliikata vipande vidogo, akaichanganya na viazi, kabichi au unga, na hata mafuta yaliyotoka kwenye kikaango akayahifadhi kwa kupikia siku nyingine. Elimu hiyo bado inafaa jikoni kwetu leo.

1. Nguruwe ndani ya blanketi

Waingereza hawakosi chakula hiki siku ya Noeli. Ni soseji ndogo iliyovikwa kipande cha bekoni, na jina lake peke yake huwachekesha watoto. Kata kila kipande cha bekoni mara mbili, zungusha nusu moja kwenye soseji, panga kwenye sinia na uoke katika furu yenye moto wa digrii 200 kwa dakika 25 hivi, hadi bekoni ibadilike rangi na soseji iive hadi katikati. Kama huna furu, tumia kikaango chenye mfuniko, moto mdogo, na uwe unazigeuza.

Waingereza wana ndugu wa chakula hiki aitwaye “mashetani juu ya farasi”: tunda la plamu kavu ndani ya bekoni. Sisi tunaweza kutumia ndizi ya makemba iliyoiva sana. Ikate vipande vya urefu wa kidole gumba, vivike bekoni, vishikilie kwa kijiti cha meno. Utamu wa ndizi na chumvi ya nyama hupatana vizuri. Kazi ya watoto ni kuvika na kuhesabu. Kazi ya mkubwa ni kuondoa vijiti kabla wadogo hawajala.

2. Saladi ya Liège

Chakula hiki kinatoka Liège, mashariki mwa Ubelgiji, na viungo vyake vinapatikana katika masoko yetu mengi. Kwa watu sita tafuta kilo moja ya viazi vya kizungu, nusu kilo ya maharage mabichi ya maganda membamba, gramu 150 za bekoni, kitunguu kimoja kikubwa na vijiko vitatu vya siki.

Chemsha viazi na maharage kila kimoja peke yake. Kaanga bekoni iliyokatwa vipande vidogo hadi mafuta yatoke. Weka kikaango mbali na moto, mimina siki polepole humo humo, koroga, kisha mwaga yote juu ya viazi na maharage vikiwa bado moto. Nyunyiza kitunguu kibichi kilichokatwa na pilipili manga. Mtoto wa miaka sita anaweza kuvunja ncha za maharage, na huwa wanapenda kushindana nani atamaliza fungu lake kwanza.

3. Mkate mwembamba wa Alsace

Mashariki mwa Ufaransa, katika jimbo la Alsace, wakulima walikuwa wakioka mikate ya siku nyingi kwa mara moja. Ili kujua kama tanuri la kuni limepata moto wa kutosha, walitandaza kipande cha unga uliokandwa, wakakiingiza ndani miali ikiwa bado inawaka, na baada ya dakika chache wakakitoa. Kipande hicho cha kujaribia moto ndicho kikawa chakula maarufu kiitwacho flammekueche.

Kanda gramu 250 za unga wa ngano na vijiko vitatu vya mafuta, chumvi kidogo sana na maji kiasi cha nusu kikombe. Hauhitaji hamira. Utandaze kwa chupa hadi uwe mwembamba kama kitambaa. Paka krimu nzito au maziwa ya mgando yaliyochujwa, tandaza kitunguu kilichokatwa vipande vyembamba na gramu 100 za bekoni, kisha oka kwa moto mkali kabisa hadi kingo ziungue kidogo.

Wanaopikia kwenye mbabula wanaweza kutumia sufuria pana na nzito: makala machache chini, mengine juu ya mfuniko. Watoto hapa hupata kazi wanayoipenda kuliko zote, yaani kukanda na kutandaza. Mkate ukitoka na umbo la ramani ya Kongo, ladha haipungui.

4. Viazi vya kuponda vya Brussels

Watu wa Brussels huponda viazi pamoja na karoti, liki au kabichi, na kukiita chakula hicho stoemp. Ni njia nzuri ya kumlisha mboga mtoto anayezikataa, kwa sababu mboga zimezama ndani ya viazi na bekoni iko juu.

Chemsha kilo moja ya viazi pamoja na karoti nne au nusu ya shu. Mwaga maji, ponda, ongeza maziwa kidogo. Kaanga gramu 100 za bekoni, mwaga vipande pamoja na mafuta yake juu. Lengalenga iliyochemshwa na kukamuliwa maji inafaa pia. Mtoto akipewa mwiko na sufuria iliyowekwa chini mahali imara, kuponda ni mchezo.

5. Mkate wa herufi tatu

Wamarekani wana mkate wanaouita BLT, herufi za mwanzo za vitu vitatu vilivyomo: bekoni, saladi na nyanya. Pasha mkate, paka mayonezi, weka majani ya saladi yaliyooshwa vizuri, nyanya na vipande viwili vya bekoni iliyokauka. Weka sahani tatu mezani na umwache kila mtoto ajenge wa kwake. Anayejifunza kusoma anaweza kutaja herufi kabla ya kuuma.

Kukaanga bila kuharibu

Anza na kikaango baridi, bila mafuta. Panga bekoni, washa moto mdogo, na uiache itoe mafuta yake yenyewe. Moto mkali huichoma nje na kuiacha laini ndani. Usiongeze chumvi kwenye chakula hadi umeonja, kwa maana bekoni imeshabeba yake. Mafuta yaliyobaki yachuje, yatie kwenye chombo safi ndani ya friji, na kijiko kimoja kitatosha kukaangia shu au mayai kesho yake.

Visu na mafuta ya moto ni kazi ya wakubwa. Mafuta yakiwaka kwenye kikaango, usimwage maji kamwe, kwa sababu moto utaruka. Zima jiko na ufunike kikaango kwa mfuniko.

Nani alisema tule kila asubuhi?

Tabia ya kurundika bekoni kila asubuhi ilisaidiwa na biashara. Katika miaka ya 1920, kampuni ya Marekani iitwayo Beech-Nut ilimwajiri Edward Bernays, mpwa wa Sigmund Freud na mmoja wa waanzilishi wa kazi ya mahusiano ya umma, ili auze bekoni zaidi. Bernays alisimulia mwenyewe kwamba alimwomba daktari awaulize wenzake kama chakula kizito cha asubuhi ni bora kuliko chepesi. Wengi walijibu ndiyo, magazeti yakaandika, na bekoni na mayai vikapata sifa ya kuwa chakula cha afya.

Leo wataalamu wanasema tofauti. Mwezi Oktoba 2015, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka nyama zilizosindikwa, bekoni ikiwemo, katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Lilieleza kwamba kula gramu 50 za nyama hizo kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Hiyo haimaanishi kwamba kipande kimoja cha siku ya Noeli kitamletea mtu ugonjwa. Maana yake ni kwamba kiasi na mazoea ndivyo vyenye uzito. Katika saladi ya Liège hapo juu, gramu 150 zikigawanywa kwa watu sita, kila mmoja anapata 25, na si kila siku.

Kama bekoni haipatikani

Vijijini na katika miji midogo, nguruwe mbichi ni rahisi kupata kuliko pakiti ya dukani. Chukua nyama ya tumbo, ikate vipande vidogo, ipake chumvi kidogo na pilipili manga jioni, iweke kwenye friji, na uipike kesho yake. Haitakuwa bekoni kamili, lakini itafanya kazi yake. Bila friji, ipike siku hiyo hiyo. Usijaribu kuihifadhi kwa siku nyingi nyumbani bila kuijua vizuri kazi hiyo, maana nyama iliyowekwa vibaya inaweza kuleta sumu isiyoonekana.

Nyama ya nguruwe lazima iive kabisa hadi katikati. Ikiliwa ikiwa nusu mbichi inaweza kumwachia mtu tegu. Nunua iliyopimwa na mganga wa mifugo.

Na kwa nyumba zisizokula nguruwe, kama vile za Waislamu, Waadventista na Wakimbanguisti, mapishi haya hayajafungwa. Samaki wa moshi aliyetolewa miiba na kuvunjwavunjwa anakaa vizuri juu ya viazi vya kuponda na ndani ya saladi ya Liège, kwa sababu naye amepita kwenye moshi. Mkate wa Alsace hukubali hata uyoga na kitunguu peke yake.

Kwa anayetaka kuanza Jumapili hii, chaguo jepesi ni viazi vya Brussels: sufuria moja, kikaango kimoja, gramu 100 za bekoni, na mtoto mmoja mwenye nguvu za kuponda.