Umri Usioandikwa

Umfikishapo mwanao hospitalini, swali la kwanza baada ya jina ni umri. Kwetu mwambaoni jibu hupatikana upesi: kadi ya kliniki imo mkobani, na ikipotea, nyanya yake huikumbuka hata siku. Huko Turkana, baina ya Lodwar na Kakuma, swali hilohilo humtaka muuguzi subira na maarifa.

Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, walipowasili maelfu ya wavulana wa Sudan waliotembea safari ndefu pasi na wazazi. Wengi hawakuijua miaka yao, wakaandikiwa umri wa kukisiwa na tarehe moja ya kuzaliwa: 1 Januari. Hata leo wakimbizi wengi ulimwenguni wanayo tarehe hiyo katika makaratasi yao, kana kwamba walizaliwa usiku mmoja.

Vijana wanaosomea uuguzi chuoni Lodwar hufundishwa hatua za maisha ya mwanadamu, toka tumboni hadi ukongweni. Mtu angeweza kulidhania hilo kuwa somo la kupitia mtihani tu. Lakini tazama: mtoto avutaye pumzi 45 kwa dakika, akiwa wa miezi kumi, hajavuka mpaka. Akiwa wa miaka miwili, kasi hiyo ni dalili ya kichomi, na kumrejesha nyumbani ni hatari. Pumzi ni zilezile. Kilichobadilika ni umri ambao mama yake hana karatasi ya kuuthibitisha.

Basi muuguzi huuliza matukio. Je, alizaliwa kabla ya mafuta kugunduliwa Lokichar, mwaka 2012? Alikuwa akinyonya jua lilipopatwa, Novemba 2013? Wazee wetu nao walihesabu vivyo hivyo, kwa mvua kubwa za mwaka 1961. Jina nalo husaidia kidogo: Akiru ni binti aliyezaliwa mvua ikinyesha, ila halisemi mvua ya mwaka gani! Meno huhesabiwa. Katika kampeni za chanjo au lishe hutumika pia kijiti cha kupimia: sentimita 65 huchukuliwa kuwa miezi sita, na 110 kuwa miaka mitano. Ni njia ya dharura, nayo hudanganya. Mtoto aliyedumaa kwa njaa huonekana mdogo kuliko alivyo, na kijana mrefu wa Sudan Kusini hudhaniwa mtu mzima, akazungumzwa kama mtu mzima, ilhali usiku humlilia mamaye.

Kwa maoni yangu, hatua iliyo ngumu zaidi ni ya mwari. Msichana aliyeozwa mapema huitwa mke wa fulani, na huja kliniki na mimba akifuatana na mavyaa. Mifupa ya nyonga yake huenda haijakomaa, na uchungu wake waweza kukwama. Muuguzi mwenye busara humwamkia mavyaa kwa heshima zote, humpa kiti kivulini, kisha humwingiza binti peke yake. Hapo ndipo humuuliza alivunja ungo lini, na kama yupo mtu amwogopaye. Waliolelewa na somo wanajua kwamba maswali hayo hayaulizwi mbele za watu.

Kwa wazee, umri hufanya kosa la namna nyingine. Waturkana wa Lodwar humpa mzee cheo chake, na kila mwanamume huwa wa kundi la Chui au la Jiwe, mwana akiwa kinyume cha babake. Lakini joto halijali cheo. Mwili wa mzee huhisi kiu kwa uchache, figo zake hazihimili dawa kama zamani, na maradhi ya kuambukiza huweza kumwingia bila homa, akaonekana amepotewa na akili tu. Jamaa husema, "Ni uzee."

Muuguzi hasadiki upesi. Humpa maji kidogo kidogo, hukaa karibu na mwanawe, na huuliza tangu lini. Mwana hufikiri, kisha hujibu kwamba juzi tu babake alikuwa akihesabu mbuzi wake mwenyewe, wala hakukosea hata mmoja. Hapo muuguzi huinuka kwenda kumwita daktari.