Mikoko ikiisha, samaki nao wanaisha

Wandugu wakulima, maji ya Lualaba yetu inaenda mbali: inakuwa mto Kongo mpaka kuingia bahari kule Banana, karibu na Muanda. Pale maji tamu inachanganyika na chumvi, na ndani ya matope inaota miti yenye mizizi mirefu: mikoko.

Iko na kazi gani? Samaki wadogo wanajificha na kukomaa katikati ya mizizi. Mizizi inashika udongo, mawimbi isile kando. Lamantini, mnyama mkubwa wa maji anayekula majani, anaishi pale.

Tangu 1992 mahali pale ni parke ya Serikali. Lakini watu wanakata mikoko juu ya makala na kuni za kukausha samaki. Petroli inachimbwa jirani, na Banana inajengwa bandari mpya. Mvuvi anakausha samaki wa leo kwa kuchoma nyumba ya samaki wa kesho.

Kwetu ni vilevile. Samaki wanazaa ndani ya matete. Tukilima mpaka kwenye maji, udongo unaenda na mvua. Mbele ya kulima, koperative ikae, ipange: tutaacha hatua ngapi za matete? Na miti ya kuni, tutapanda wapi?