Gari Linapochemka

Kila uingiapo msimu wa kaskazi, huyaona magari kando ya barabara ya Mazeras yamefunguliwa boneti, mvuke ukifuka, na aila nzima imeketi kivulini ikingoja. Nasi yalitufika. Tulikuwa na watoto pamoja na mama yetu mzazi, mshale wa joto ukapanda hata mwisho, na mkono wetu ulikwisha kukishika kifuniko cha rejeta ndipo mzee mmoja alipotukemea tukauondoa.

Mzee yule alitunusuru. Maji ya rejeta hukaa chini ya shinikizo, ndiyo maana huweza kupita nyuzi joto 100 yasichemke. Kifuniko kikifunguliwa, shinikizo hutoka ghafla, na maji hugeuka mvuke papo hapo yakamrukia mfunguaji usoni na kifuani. Basi, ndugu msomaji, zima injini na usubiri hata mpira wa juu wa rejeta uweze kushikika kwa mkono. Nusu saa mara nyingi haitoshi. Wala usiimwagie injini maji baridi, kwani hedi huweza kupasuka.

Maji ya visima vyetu yana chumvi na chokaa. Chumvi hula madini ya rejeta, na chokaa huziba vijia vyake vyembamba. Afadhali kulanti iliyokwisha kuchanganywa.

Liko jambo ambalo hatukubaliani na mafundi wetu wengi, ingawa ni mahodari: kuing'oa themostati kwa hoja kwamba Pwani kuna joto. Kidude hicho ni mlango. Injini ikiwa baridi hufungwa. Maji yakifikia kiasi cha nyuzi 80 hadi 90 hufunguka. Kikiondolewa, injini hukawia kupata moto na hunywa mafuta zaidi. Tena, katika baadhi ya injini, themostati ifungukapo huiziba njia ya mkato. Isipokuwapo, sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari huchemka kwa dawa ile ile iliyokusudiwa kulipoza.

Kuijaribu ni rahisi: itie katika sufuria ya maji jikoni, uipashe moto, uitazame. Yapasa ifunguke kabla maji hayajatokota. (Sufuria hiyo isirudi kupikiwa.)

Yetu hatukuwa na ya kujaribu. Aliyelimiliki gari kabla yetu alikwisha kuing'oa. Tulinunua mpya, na kifuniko pia, maana mpira wake ulikuwa umekatika.