Moli na gramu: kutoka darasani mpaka kwenye tuta la lengalenga

Wadogo zetu wa mwaka wa kwanza, na nyinyi wenye muko mnajitayarisha kwa Exetat, hesabu ya kutoa moli kwenda gramu inawasumbua juu mnaikariri bila kuona inatumika wapi. Leo tuichukue kwa njia ya mbolea, maana hapa Kapalata kuna mama wengi wanalima mboga, na kwao kosa la hesabu hii linalipwa na franka.

Kwanza, moli ni idadi, si uzito. Sawa vile dazeni ni vitu 12, moli moja ni chembe 6,022 × 10²³. Dazeni ya mayai na dazeni ya mananasi ni hesabu moja, lakini beba uone! Uzito wa moli moja unaupata mu jedwali ya Mendeleyev: hidrojeni gramu 1, kaboni 12, nitrojeni 14, oksijeni 16, sulfuri 32. Kisha gramu = moli × uzito wa moli moja. Ni hiyo tu.

Sasa tupime mbolea mbili. Urea, CO(NH₂)₂: 12 + 16 + 28 + 4 = 60. Sulfate ya amonia, (NH₄)₂SO₄: 28 + 8 + 32 + 64 = 132. Angalia vizuri: kila moja ina nitrojeni mbili. Kwa hiyo kilo 60 za urea na kilo 132 za sulfate zinapatia mboga nitrojeni ileile.

Muuzaji atakuambia kilo ya sulfate ni bei ya chini, na hakudanganyi. Lakini gawa 60 kwa 132, unapata 0,45. Kama kilo ya sulfate inauzwa nusu ya bei ya kilo ya urea, kwa upande wa nitrojeni bado umelipa zaidi.

Tushuke kwenye tuta. Tuseme unataka kilo 50 za nitrojeni kwa hekta, na tuta lako la lengalenga ni mita 10 kwa mita 1. Hiyo ni hekta moja gawa kwa 1000, basi unahitaji gramu 50 za nitrojeni. 50 ÷ 14 = moli 3,57 za nitrojeni. Hapa ndipo wengi wanaanguka: wanazidisha moja kwa moja na 60, wanapata gramu 214. Hapana! Moli moja ya urea inabeba nitrojeni mbili, kwa hiyo urea ni moli 1,79 tu, na mara 60 inatoa kama gramu 107. Mwenye kuweka 214 ameweka mara mbili, na miche midogo inaweza kuungua. Kwa sulfate ni gramu 236.

Ukitaka kuhakikisha, soma saki ya urea: wanaandika 46. Ni 28 ÷ 60, karibu asilimia 46,7 kama urea ni safi kabisa. Lakini muwe macho na saki ya 17-17-17. Ile 17 ya kwanza ni nitrojeni kweli, ya katikati inahesabiwa kama P₂O₅. Mu gramu 142 za P₂O₅, fosfori yenyewe ni 62. Kwa hiyo kilo 100 za mbolea hiyo zina fosfori kilo 7,4 hivi, si 17.

Mimi kwa udongo wetu wa Tshopo, wenye asidi tayari, ningechagua urea. Bakteria wakigeuza mbolea hizo kuwa nitrate, kila moli ya urea inaacha moli 2 za H⁺, ya sulfate inaacha 4. Ila urea ifunikwe na udongo kidogo, juu ikibaki wazi sehemu inapanda hewani kama amonia. Na gramu 107 zile zigawe mara mbili, wiki mbili katikati: mvua ya Kisangani inaosha nitrojeni haraka.