Baraza la Waonjaji

Alasiri moja ya musimu wa kaskazi, saa ambayo joto la Tanga humfanya mtu aione hata shati yake kuwa mzigo, tuliketi watu watano barazani kwangu kuzihukumu tamutamu alizozileta mpwa wangu kutoka Finland, kila mtu na karatasi yake na kalamu ya risasi, tukiwa tumekwisha kupatana kwamba alama zitakuwa kutoka sifuri hadi kumi, na kwamba hapana ruhusa ya kusema neno wala kukunja uso mpaka wote wawe wameandika. Sharti hilo la mwisho halikudumu hata dakika kumi.

Sahani zilikuwa nne: chokoleti nyeusi yenye chembe za chumvi, nyingine yenye pilipili, ubuyu mwekundu wa Unguja niliouongeza mimi ili wenyeji nasi tuwe na mjumbe wetu, na pipi nyeusi ndogo ziitwazo salmiakki, ambazo mpwa wangu alizitoa mfukoni kwa tabasamu lililonitia wasiwasi. Kando nilikiweka kipande cha chokoleti isiyotiwa kitu, ya kakao ya Kyela, kiwe kipimo. Chokoleti zote tulizitoa katika jokofu moja moja, kwa kuwa mafuta ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi za sentigredi, chini kidogo ya joto la kinywa cha mwanadamu, na hiyo ndiyo siri ya kuvutia kwake ulimini na ndiyo balaa yake katika mji kama wetu.

Kabla ya kuandika lolote niliwaomba wenzangu wabane pua kwa vidole, watie kinywani kipande cha Kyela, watafune, kisha waachie. Pua ikiwa imebanwa, walisikia utamu, uchungu na ulaini wa mafuta, basi. Walipoiachia tu, chokoleti yenyewe ikafika, kama mgeni aliyekuwa akingoja nje ya mlango. Maana ulimi, kwa hesabu ya wataalamu, hutambua mambo machache tu: tamu, chungu, chumvi, ukali wa ndimu, na ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama ambayo mwanakemia wa Kijapani Kikunae Ikeda aliipambanua mwaka 1908 kutoka katika mwani, akaiita umami. Yaliyosalia yote, vanila, karafuu, kahawa, moshi, ni harufu zinazopanda kutoka kinywani kwa njia ya nyuma ya koo hadi puani, nasi kwa kughafilika tunadhani zimetoka ulimini. Lugha yetu haikuona haja ya kuzitenganisha: twasikia harufu, twasikia ladha, twasikia pilipili, na kitenzi ni kimoja.

Kipimo chenyewe kilizusha mzozo. Jirani yangu, mzee aliyekuwa karani wa forodha, alikipa nane. Mke wangu alikipa tatu, akasema kina uchungu wa mwarobaini. Wasomaji wataelekea kudhani kwamba mmoja wao amekosea. Mwaka 1931, katika maabara moja ya Marekani, mwanakemia Arthur Fox alikuwa akimimina unga wa dawa iitwayo PTC ukatimka hewani. Mwenzake akalalamika kwamba ni mchungu mno, ilhali Fox, aliyekuwa karibu nao zaidi, hakusikia chochote. Wakaulamba kwa zamu kuhakikisha, na kila mmoja akabaki na ushahidi wake. Leo twajua kwamba tafauti hiyo hurithiwa, na kwamba kiini chake kikubwa ni jeni moja miongoni mwa jeni zipatazo ishirini na tano zinazosimamia uchungu peke yake. Sisemi kwamba uchungu wa kakao unakwenda kwa jeni hiyohiyo, la. Nasema tu kwamba watu wawili wanaweza kula kitu kimoja, wakatoa ushahidi unaopingana, na wote wawili wakawa wakweli.

Chumvi ikaja kuwapatanisha. Mke wangu, aliyekitupa kipande cha Kyela, aliipa chokoleti ya chumvi saba, na hoja yake ilikuwa kwamba hii imetiwa sukari zaidi. Haikutiwa. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1997 yalibainisha kwamba sodiamu iliyomo katika chumvi huunyamazisha uchungu kuliko inavyougusa utamu, hata utamu uliokuwa umefunikwa ukajitokeza; na yeyote aliyewahi kupakaza chumvi juu ya nanasi lisiloiva sawasawa ameliona jambo hilo bila ya kwenda maabara.

Chokoleti ya pilipili ndiyo iliyonishughulisha zaidi. Mpwa wangu aliileta kama uzushi wa karne hii, lakini Waazteki wa Meksiko waliinywa kakao yao na pilipili kabla Mzungu yeyote hajafikiria kuitia sukari. Kakao na pilipili ni wana wa bara moja, na wamekutana tena baada ya kutengana muda mrefu. Hoja ni kwamba pilipili haina ladha ya ukali hata chembe. Dutu yake, kapsaisini, huufungua mlango mmoja mdogo katika mishipa ya fahamu, mlango ambao kazi yake ya asili ni kutupa habari ya joto linalozidi nyuzi 43 hivi, na ubongo ukipokea habari hiyo hauna njia ya kujua kama kinywani mna moto au mna tunda. David Julius wa California, ambaye yeye na wenzake waliutambua mlango huo mwaka 1997, alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Wazee wetu walisema jua kali na pilipili kali, kwa neno moja, wala hawakupewa tuzo.

Kapsaisini huyeyuka katika mafuta, wala haipatani na maji, na kwa sababu hiyo katika chokoleti hufika ikiwa imechelewa: utamu hutangulia, kakao hufuata, na moto huja nyuma wakati mtu amekwisha kuandika alama zake. Karani wa forodha alilazimika kuifuta tisa yake akaandika tano, kisha akaomba maji, ambayo hayakumfaa kitu, ilhali gilasi ya maziwa ingemfaa. Paka wetu, aliyekuwa akizunguka chini ya meza, hakuvutwa na sahani yoyote, na hilo si ajabu: jeni ya utamu katika jamii ya paka imeharibika, hata sukari kwake ni kama mchanga.

Ubuyu ulipita kwa haraka, na kwa ushindi, tukaupa wastani wa nane na nusu. Lakini nakiri kwamba ukimwekea mgeni mbegu zilizopakwa sukari, rangi nyekundu, iliki, pilipili na unga mkali wa mbuyu, ukamwambia anyonye kisha ateme mbegu, ataziona kuwa ndizo kioja cha meza nzima. Sisi tuliushinda mtihani huo tukiwa na umri wa miaka minne.

Ikabaki salmiakki. Msingi wake ni mzizi wa irk-sus, wenye kiini kitamu mara makumi kadhaa kuliko sukari, nao huchanganywa na kloridi ya amonia, chumvi ileile ambayo Waarabu huiita nushadir na ambayo watia-bati waliitumia kuzisafisha sufuria za shaba. Mwaka 2023 watafiti wa California walionyesha kwamba chumvi hii huiamsha protini ileile ya ulimini inayotupa habari ya ukali wa ndimu, nao wakadokeza kwamba pengine ni onyo la kale la kuwaepusha viumbe na amonia iliyomo katika vitu vilivyooza. Mke wangu alilipokea onyo hilo, akaandika sifuri. Karani alitoa moja, mimi mbili, na mpwa wangu, ambaye anakiri kwamba mwaka wake wa kwanza huko alizitema, alitoa sita.

Wa tano alikuwa Bi Mkubwa, jirani yetu wa nyumba ya tatu, ambaye tangu ujana wake hakupitisha siku bila ya tambuu, na kinywa kilichozoea chokaa, popoo na katu kwa miaka hamsini hakishtuliwi na mambo madogo. Aliinyonya pipi yake kwa utulivu mpaka ikaisha, akaandika tisa, akauliza kama zipo za kuchukua nyumbani.

Wastani wa salmiakki, kwa hesabu niliyoipiga mbele ya wote, ulitoka 3.6, alama ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeitoa. Pipi zilizosalia Bi Mkubwa alizifunga katika pindo la kanga yake, akaaga.